Naanza yoga ya taratibu na mwili umekakamaa: nianzie wapi, nijihadhari na nini?

Kiti_Chakavu

Wadau, habari za saa hizi. Naomba ushauri wa kueleweka kabla sijajiandikisha darasa la yoga ya taratibu. Nina miaka 46, kazi ya kukaa kutwa, mazoezi hakuna kwa muda mrefu. Nikiinama na magoti yamenyooka, vidole vya mikono vinaishia kwenye miundi. Nikikaa chini na kukunja miguu, magoti yanabaki juu kuliko nyonga na mgongo unajikunja wenyewe. Presha ilipanda, natumia dawa, kwa sasa imetulia.

Ninachotaka kujua: kwenye ratiba naona hatha, vinyasa, yin na mengine, lipi langu? Vifaa gani ninunue sasa na vipi visubiri? Mkao ukinishinda katikati ya darasa nafanyaje? Na nitayatofautishaje maumivu ya kunyooka na maumivu ya kuumia?

Tafadhali msinitumie video za watu wanaosimama kwa kichwa.

---

Pumzi_Ndefu

Karibu mkuu. Naanza na majina, maana ndiyo yanayowapoteza wengi.

Hatha kwa maana pana ni yoga yoyote ya mikao, ila kwenye ratiba za madarasa huwa inamaanisha mwendo wa polepole: unaingia kwenye mkao, unakaa pumzi tano hivi, unatoka, unatulia. Hapo ndipo pako. Vinyasa ni mikao iliyounganishwa mfululizo, pumzi moja tendo moja. Anayeanza hujikuta anakimbizana na darasa, na kosa la kiganja au bega analirudia mara ishirini kabla mwalimu hajaliona. Ashtanga ni mfululizo mzito uliopangwa, uache. Yoga ya chumba cha joto, ambako hufika nyuzi 40 za Selsiasi, uiache kabisa kwa ajili ya presha na dawa zake: joto linatanua mishipa ya damu, jasho linaondoa maji, ukisimama ghafla unaona giza.

Yin inawachanganya watu kwa sababu inaonekana ya kivivu. Mikao ya chini, kimya, bila jasho. Lakini unakaa dakika tatu hadi tano mahali pamoja ukiwa umelegeza misuli, na misuli ikilegea mzigo unahamia kwenye kano na maungio. Mwenye nyonga zilizofunga asianzie huko. Ile ya kupumzisha, ambako unalazwa juu ya mito na mablanketi dakika kumi kumi, ni salama na tamu, ila haijengi nguvu ya miguu. Ichukue iwe nyongeza. Ukikuta darasa la wanaoanza la mtindo wa Iyengar, usiliache likupite: B.K.S. Iyengar (1918–2014), mwalimu wa yoga wa India, ndiye aliyeeneza sana matumizi ya matofali (siyo ya kujengea, ni vipande vyepesi vya kuegemea), mikanda na viti, na walimu wa mtindo huo ni wasumbufu kwa mpangilio wa mwili, usumbufu wa faida.

Lakini jina la darasa ni jina tu. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: wanafunzi huwa wangapi, vifaa vya kuegemea vipo, na mtu asiyeweza kupiga magoti mnampa nini badala yake. Jibu la swali la tatu ndilo linalompambanua mwalimu. Akikwambia "utazoea tu", tafuta kwingine. Cheti cha saa 200 za mafunzo ni kiwango cha kawaida cha kuanzia ualimu. Kinakuambia amesoma, hakikuambii kama anaona.

Siku ya kwanza wahi dakika 10 hadi 15 mapema umwambie mwalimu kuhusu presha na kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kama hupendi kushikwa mwili kurekebishwa, sema hapo hapo. Ni jambo la kawaida na hakuna mwalimu wa maana atakayeshangaa. Tandika mkeka safu ya pili, karibu na ukuta. Safu ya kwanza huna wa kumtazama. Safu ya mwisho utakuwa unakunja shingo kuchungulia katikati ya mkao, na shingo ndiyo itakayouma kesho yake. Ukuta nao ni kifaa, utauhitaji kwenye mikao ya kusimama kwa mguu mmoja. Usile mlo mzito ndani ya saa mbili hadi tatu kabla ya darasa.

Mkao ukikushinda kuna njia tatu za heshima: punguza, badilisha, pumzika. Kupunguza ni kukunja magoti, kufupisha hatua au kupandisha mikono juu ya tofali. Kubadilisha ni kuchukua mkao mwingine wenye kazi ileile. Kupumzika ni kulala chali magoti yakiwa juu na nyayo chini. Hakuna anayekuangalia, kila mtu anahangaika na mguu wake.

Kipimo chako kiwe pumzi. Vuta kwa pua hesabu nne, toa kwa pua hesabu sita. Ukiona huwezi tena kutoa pumzi kwa hesabu sita bila kujikaza, umeshapitiliza. Rudi nyuma kidogo hadi iweze. Moyo hupunguza mwendo kidogo mtu anapotoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunapewa muda mrefu kuliko kuvuta. Kwa presha yako kuna sharti moja zaidi: usibane pumzi, hata mwalimu akiwaambia wengine wabane.

---

Nyonga_na_Goti

Pumzi_Ndefu kamaliza ya darasani. Mimi nishike lile swali la maumivu, maana hapo ndipo wanaoanza wanapochemka.

Umesema vidole vinaishia kwenye miundi. Tatizo haliko mgongoni, liko nyuma ya mapaja. Misuli ya hapo inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule mfupa mgumu unaousikia ukikalia ubao, inapita nyuma ya paja na kushika chini ya goti. Ikiwa mifupi, ukiinama inaishikilia nyonga isizunguke. Wewe bado unataka kufika chini, kwa hiyo uti wa mgongo unajikunja kufidia, na mzigo wote unaangukia diski za kiuno. Dawa yake ni kukunja magoti. Yakunje hadi tumbo liguse mapaja, kisha peleka makalio juu polepole, ukiacha tumbo lisibanduke kwenye mapaja. Pale tumbo linapotaka kubanduka ndipo mwisho wako wa leo, hata kama magoti bado yamekunjwa nusu.

Sasa sikiliza unavutika wapi. Mvuto wa katikati ya paja, mpana, unaotulia baada ya pumzi tatu nne: endelea. Mvuto wa juu kabisa, palepale kwenye mfupa wa kukalia, kama kuna kidole kinabonyeza: acha. Hapo siyo msuli, ni kano yake ndiyo inayovutwa kutoka kwenye mfupa. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo ikishachokozwa inachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na utaikumbuka kila ukikaa kwenye kiti kigumu. Ajabu yake ni kwamba inauma kidogo mwanzoni halafu inapoa mwili ukipata joto, basi mtu anadhani inahitaji kunyooshwa zaidi. Anainyoosha zaidi. Ndivyo inavyokuwa sugu. Mvuto nyuma ya goti, wa kuchoma au wa ganzi inayoshuka kwenye unyayo, nao uache: mara nyingi ni neva, na neva hainyooshwi kama msuli.

Kukaa chini. Goti ni bawaba. Linakunja na kukunjua, na kuzunguka kwake ni kidogo sana. Ukikunja miguu, kuzunguka kunatakiwa kutoke kwenye nyonga. Nyonga ikigoma, goti ndilo linalosokotwa, na maumivu yanatokea upande wa ndani wa goti. Kwa hiyo ukiona magoti yako juu ya nyonga, usiyasukume chini kwa viganja kama wanavyofanya wengi. Inua kikalio. Kunja blanketi gumu hadi lifike sentimita 10 au 15, kalia ukingo wake wa mbele, siyo katikati, ili nyonga iegemee mbele. Magoti yakishuka usawa wa nyonga au chini yake, mgongo utasimama bila kulazimishwa. Bado yananing'inia hewani? Weka tofali au blanketi lililokunjwa chini ya kila goti, maana paja lisilo na pa kuegemea halilegei. Na kama hata hapo goti linauma, kaa kwenye kiti. Hupotezi kitu.

Kwenye shujaa wa pili, mkao wa kusimama miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa na mikono imenyooshwa pembeni, ambao mwalimu anaweza kuuita Virabhadrasana, tazama goti la mbele. Lielekee kidole cha pili cha mguu. Likiangukia ndani upande wa kidole gumba, fupisha hatua. Picha zinaonyesha hatua ndefu na paja lililolala kama meza; wewe chukua hatua ambayo goti linakaa juu ya kifundo cha mguu bila kuyumba, hata kama paja limeshuka kidogo tu.

Kwa kifupi sana, vya kuacha hapohapo bila kujadiliana na mtu: kichomi, ganzi, mchomo wa umeme, maumivu ndani ya ungio lenyewe, kizunguzungu, giza machoni, kifua kubana. Uchovu wa misuli kesho na keshokutwa yake ni kawaida. Maumivu yanayokua siku ya tatu siyo kawaida.

---

Mkeka_Mmoja

Vifaa basi, nisije nikawaacha watu wakinunua duka zima.

Cha lazima ni mkeka, na hata huo madarasa mengi huazimisha. Unene wa milimita 4 hadi 6 unatosha. Watu wenye magoti mabichi hukimbilia ile minene ya milimita 10 na 15 ya mazoezi ya kulala sakafuni, na hapo wanajitengenezea tatizo jingine: ukisimama kwa mguu mmoja unyayo unazama na kuyumba, na ukishika chini kisigino cha kiganja kinazama kuliko vidole, kifundo cha mkono kinakunjwa zaidi ya inavyotakiwa. Bora mkeka wa milimita 5 na blanketi dogo la kuweka chini ya magoti unapohitaji. Urefu wa kawaida ni kama sentimita 173 kwa upana wa 61. Ukiwa mrefu tafuta wa 183 au zaidi, kichwa na visigino vyote vikae juu yake ukilala.

Mikeka ya plastiki mipya huteleza kwa sababu ya utando wa kiwandani. Futa kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, futa tena kwa maji matupu, anika kivulini. Sabuni nyingi ni mbaya kuliko kutofua, inabaki na kuteleza upya. Ya mpira wa asili inashika vizuri sana lakini ina harufu mwanzoni, jua linaipasua, na mwenye mzio wa mpira asiiguse. Usipake losheni mikononi na miguuni kabla ya darasa. Nusu ya malalamiko ya "mkeka mbovu" ni losheni.

Baada ya hapo: matofali mawili, yale ya kawaida yana sentimita 23 kwa 15 kwa 10, kwa hiyo yanakupa vimo vitatu kulingana na unavyoyasimamisha. Ya povu ni mepesi na laini kuyalalia, ya kizibo yanabeba uzito bila kubonyea. Ukinunua jozi moja tu chukua ya kizibo. Mkanda usiovutika wa mita 2 hivi. Kabla ya kununua, mshipi wa joho la kuogea unafanya kazi ileile, na vitabu vinene vilivyofungwa kwa kamba vinasimama badala ya tofali. Mpira unaovutika siyo mbadala wa mkanda, unakudanganya kuhusu umbali.

Blanketi liwe gumu. Lile la manyoya laini ukilikalia linakuwa karatasi.

Nguo: fulana pana sana itakufunika uso ukiinama, ichomeke. Suruali isiyobana kiunoni. Miguu peku, soksi zinateleza.

---

Kiti_Chakavu

Nawashukuru sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Nimejaribu hapa nyumbani vitu viwili nikakwama. Kwanza ule wa kusimama kwa mikono na magoti, paka na ng'ombe: vifundo vya mikono vinauma ndani ya nusu dakika. Pili nikiinuka kutoka kuinama naona nyota. Na mkao wa mtoto, ule wa kupiga magoti na kuinama mbele, makalio hayafiki kwenye visigino hata kidogo, kichwa kinaning'inia.

---

Nyonga_na_Goti

Nyota kwanza, kwa sababu ya presha. Baadhi ya dawa za presha zinachelewesha mwili kurekebisha damu unaposimama, basi kichwa kinakosa damu sekunde chache. Usiinuke kwa kurusha kiwiliwili. Kunja magoti, weka viganja juu ya mapaja, vuta pumzi ukipanda hadi mgongo ulale kama meza, kaa hapo pumzi mbili, ndipo umalize kupanda, kichwa kikiwa cha mwisho. Ukisimama, tulia pumzi mbili kabla ya kufanya chochote. Na kwa miezi hii ya mwanzo usiiname hadi chini kabisa: simama nyuma ya kiti kizito kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta kisikimbie, shika egemeo lake, rudi nyuma hatua hadi mikono inyooke na kiwiliwili kilale sambamba na sakafu. Kunyooka kwa nyuma ya mapaja unakupata, kichwa hakishuki chini ya moyo. Hiyo pia ndiyo mbadala wako wa mkao wa mbwa, ule wa viganja na nyayo chini, makalio juu. Nyota zikiendelea hata kwa mwendo huo, mpelekee daktari habari hiyo, huenda dozi inahitaji kuangaliwa.

Vifundo vya mikono. Ukikaa kwa mikono na magoti, mabega juu kabisa ya vifundo, kifundo kinakunjwa karibu nyuzi 90. Mtu anayechapa kutwa hakunji hivyo siku nzima, ghafla anakunja na kuweka uzito wa kiwiliwili juu yake. Sogeza viganja mbele kidogo, upana wa kiganja kimoja mbele ya mabega, pembe itapungua. Tawanya vidole, halafu bonyeza chini shina la kidole cha shahada na shina la kidole gumba hadi katikati ya kiganja pawe kama kijikombe kisichogusa mkeka. Angalia wengi wanavyofanya: uzito wote uko kwenye kisigino cha kiganja upande wa kidole cha mwisho, na vidole viko hewani havina kazi. Ukibonyeza mashina ya vidole, misuli ya mkono wa mbele inaamka na ungio linapumua. Haitoshi? Kunja ukingo wa mkeka mara mbili, weka visigino vya viganja juu ya mkunjo na vidole chini yake, kama mteremko mdogo. Bado? Ngumi, vidole gumba vikitazama mbele. Au viwiko, juu ya matofali mawili.

---

Pumzi_Ndefu

Mkao wa mtoto niuchukue mimi. Makalio kutofika kwenye visigino siyo kosa, ni nafasi tupu inayotaka kujazwa. Kunja blanketi, liingize kati ya mashavu ya miguu na mapaja, nyuma kabisa karibu na makalio, usilisukume hadi ndani ya kunjo la goti. Kalia. Bado hewa? Ongeza la pili. Sasa mbele: tanua magoti kama upana wa mkeka ili tumbo lipate pa kuingia, pandisha ngumi moja juu ya nyingine au simamisha tofali, laza paji la uso juu yake. Paji la uso, siyo pua, na kidevu kisogee kidogo kuelekea kifua ili kisogo kirefuke. Kama vifundo vya miguu vinalalamika kwa kulalia mgongo wa mguu, viringisha taulo uliweke chini ya kifundo, vidole vining'inie nyuma yake. Ikifika hapo, pumua ukielekeza hewa mgongoni. Utasikia mbavu za nyuma zinafunguka na kufunga. Hiyo ndiyo kazi ya mkao huu, makalio kugusa visigino siyo.

---

Chuma_Hakikunji

Samahani wadau, mnamlea sana. Matofali, mablanketi, kiti... Mwili hubadilika ukisukumwa. Mwenye kuogopa maumivu kidogo atakaa pale pale mwaka mzima.

---

Nyonga_na_Goti

@Chuma_Hakikunji nguvu hujengwa kwa kusukuma, hapo sikupingi. Ila unyumbufu una utaratibu wake. Msuli ukivutwa haraka au ukidundishwadundishwa unajikaza wenyewe kujilinda. Huo ni mwitikio wa neva, haujali una moyo mkubwa kiasi gani. Ukivutwa polepole na kushikiliwa nusu dakika hadi dakika moja, ukaza unashuka. Anayesukuma kwa maumivu anapigana na msuli uliokaza, na kinachoachia mwisho ni kano. Tofali halimfanyi asifanye kazi. Mwondolee tofali kwenye mkao wa pembetatu (umesimama miguu imetanuliwa, unainama ubavuni mkono ukishuka kuelekea mguu) na utamwona anavyofanya: anakunja ubavu, anaangusha kifua, anashika mguu, anajiona amefika. Mrudishie, ubavu unarefuka na paja linaanza kutetemeka. Kazi ipo wapi hapo?

---

Chuma_Hakikunji

Hilo la pembetatu nimelielewa. Nikubali kwa nusu.

---

Mkeka_Mmoja

Nusu inatosha kwa leo 😄

Kiti_Chakavu, mambo ya wanaokusoma kimyakimya pia yasipite. Mwenye presha ya macho, yaani glakoma, aache mikao yote ya kichwa kuwa chini ya moyo, hata mbwa na kuinama kwa kusimama, kwa sababu inapandisha presha ndani ya jicho. Amuulize daktari wa macho kwanza. Mwenye mifupa iliyodhoofika asikunje mgongo mbele kwa nguvu wala kuusokota hadi mwisho, pingili zinaweza kupondeka. Mjamzito atafute darasa la wajawazito. Kulalia tumbo, kusokota tumbo na chumba cha joto siyo vyake, na mimba ikikua asilale chali muda mrefu, alale ubavu. Na kusimama kwa kichwa, kusimama kwa mabega na jembe (kulala chali na kupitisha miguu nyuma ya kichwa), hakuna hata kimoja cha anayeanza. Shingo haikuumbwa kubeba nyonga.

---

Pumzi_Ndefu

Ili usisubiri darasa hadi darasa, fanya hivi nyumbani mara tatu kwa wiki. Nusu saa haiishi, na dakika 20 mara tatu zinakufikisha mbali kuliko saa moja na nusu ya Jumamosi.

Lala chali, magoti juu, nyayo chini, viganja juu ya tumbo. Pumzi kumi na mbili za nne kwa sita. Hiyo ni sekunde kumi kila pumzi, jumla dakika mbili, huna haja ya saa. Kisha kumbatia goti moja kifuani pumzi tano, badilisha. Halafu mkanda: upitishe kwenye upinde wa unyayo wa kulia, nyoosha mguu juu, goti la kushoto likiwa limekunjwa na unyayo chini. Goti la mguu wa juu si lazima linyooke. Mabega yabaki sakafuni. Ukiona yameinuka, umeshika mkanda kwa karibu mno. Pumzi sita kila upande. Huu ndio mkao utakaokubadilisha kuinama kwako, na mgongo hauna mzigo wowote ukiwa umelala.

Geuka uje kwa mikono na magoti, paka na ng'ombe mara nane. Ukivuta pumzi kifua mbele, ukitoa mgongo juu. Anza mwendo kwenye mkia wa mgongo na kichwa kifuate. Wengi wanatikisa kichwa tu na kiuno hakijui kama kuna mazoezi. Mtoto pumzi sita. Simama kwa utaratibu ulioelezwa.

Tadasana, kusimama tu: nyayo upana wa nyonga, uzito kwenye pembe za kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho, magoti hayakufungwa nyuma. Pumzi tano. Usidharau. Kisha kuinama kwa kiti pumzi tano, shujaa wa pili pumzi nne kila upande, na mikono ishuke kiunoni kama mabega yanapanda masikioni.

Rudi chini. Daraja mara tatu: visigino karibu na makalio, inua nyonga shubiri moja tu, pumzi tatu, shuka. Ukikamatwa na mkakamao nyuma ya paja, visigino viko mbali mno, visogeze. Sokota mgongo ukiwa umelala, magoti yote mawili upande mmoja yakiegemea mto, pumzi tano, upande wa pili.

Mwisho ni Savasana, mkao wa maiti, dakika tano hadi kumi. Usiuruke. Weka mto mrefu au blanketi lililoviringishwa chini ya magoti ili kiuno kishuke. Kama kidevu kiko juu kuliko paji la uso, kunja taulo chini ya kichwa hadi vilingane. Jifunike, mwili unapoa haraka. Ukimaliza geuka ubavu, kaa pumzi nne, sukuma sakafu kwa mkono, kichwa kiinuke mwisho.

---

Kiti_Chakavu

Nimepata pa kuanzia. Swali la mwisho kabisa: kwenye Savasana nikijaribu nalala usingizi na kukoroma. Darasani itakuwaje?

---

Mkeka_Mmoja

Lala ubavu, blanketi lililokunjwa chini ya kichwa na mto kati ya magoti. Koo halitaziba. Na uhakikishe uko safu ya pili karibu na ukuta, ugeukie ukutani.